Masikio ya Ukoo wa Tian na Majina Yaliyokatwa Mkia

Xiang Cuilan wa kijiji cha Shiwan alikuwa mshenga. Nusu ya bonde ameliozesha yeye, na wanaosema aliwahi kumwoza jogoo kwa bata hawajakosea sana, maana mayai yalipatikana. Lakini mganga hajigangi. Mwanawe wa mwisho, Zukun, alikuwa amevuka thelathini na bado kitanda chake ni cha mtu mmoja. Mama akienda sokoni anaulizwa, "Bi Mshenga, kwako kwenyewe paa linavuja?" Anacheka nao, kisha akifika nyumbani anazipiga sufuria mateke.

Wasichana wote wako viwandani kusini, wanarudi Mwaka Mpya tu, na kabla hujawaamkia wameshapanda treni. Cuilan akachoka kuzunguka na picha mfukoni. Akamleta Mi, mpiga picha wa mjini mwenye kompyuta ya kuchomea CD, awapige picha wanaume saba wa Shiwan nyumbani kwao. Kila mmoja akapata faili yake ya picha, na jina la faili ni jina lake: kwanza kijiji, Shiwan, herufi mbili za Kichina, Shi na Wan, halafu ukoo, Tian, moja, halafu Zu, moja, ambayo wa kizazi kile wote wanachangia. Mwisho ndiyo herufi ya mtu mwenyewe. Zuwang, Zuhai, Zukun na wenzao.

Kumbe CD ile ilichomwa kwa mtindo wa kizamani, ule unaomeza herufi nne tu za Kichina, ya tano inatemwa. Hesabu mwenyewe. Wanaume saba wakawa Shiwan Tian Zu, mtu mmoja mwenye sura saba!

CD ikavuka kilima kwa ukoo wa Peng, kwa binti Yinzhu, ambaye treni yake ilikuwa keshokutwa. Asubuhi simu ya duka la Shiwan ikalia, Cuilan akaitwa. Bibi yake Yinzhu ni mzito wa kusikia, huongea kama anaita ng'ombe, na mwenye duka, mbea yule, akaisogeza simu kwenye kipaza sauti cha kijiji.

"Mjukuu wangu kampenda mmoja! Tian Zu!"

"Tian Zu yupi, dada yangu?" akauliza Cuilan.

"Tian Zu! Ndivyo ilivyoandikwa!"

"Ana alama gani?"

"Ana masikio makubwa!"

Cuilan akataka kulia. Ukoo wa Tian wote masikio yao unaweza kuanikia pilipili. Upepo ukivuma, wanaume wa Shiwan hushikilia nguzo.

"Huyo ni wangu!" akaja Mama Zuwang mbio, mikono imejaa unga.

"Wako ana masikio ya panya," akasema Mama Zuhai. "Ni Zuhai wangu."

"Shoga, Zuhai kafumba macho pichani. Nani atampenda, mchimba makaburi?"

Cuilan akaumeza ulimi. Mshenga akimnadi mwanawe mwenyewe, nani atamwamini tena? Akashika njia ya mjini.

"Mi! Umewakata wanangu mikia!"

"Si mimi, shangazi, ni CD."

"CD ina kisu? Rudisha majina yao!"

Mi alikuwa anakula wali wa kunata uliofungwa kwa majani. Akautazama ule wali, akatazama kompyuta, akaacha kutafuna.

"Nitawafunga."

"Wamekosa nini?"

"Kwenye furushi, shangazi!"

Akazikusanya faili zote ndani ya faili moja, hilo furushi, na jina la furushi likawa tarakimu tupu, ambazo CD haina ugomvi nazo. CD ikaona jani tu. Wali ndani mzima.

Kesho yake, kabla ya treni ya Yinzhu, Cuilan akavuka kilima na CD mpya, na mama sita nyuma yake, huyu na nyama ya moshi, yule na mikate ya mchele, wakipigana vikumbo mpaka kilima, wanasema, kikahama kidogo. Yinzhu akalifungua furushi kwenye kompyuta ya kaka yake. Majina yakatoka mazima, na kila mama akashangilia la kwake kama mtoto kazaliwa leo.

"Kumbe walikuwa wengi!" akasema bibi.

Cuilan akabaki mlangoni, nyuma ya wote.

"Huyu," Yinzhu akasema. Mama Zuwang akasoma, mdomo ukimpinda: "Shiwan... Tian... Zukun."

"Umepanga wewe, Bi Mshenga!"

"Mimi? Kwani nimefungua mdomo?"

"Mama zangu, subirini," Yinzhu akasema. "Masikio nimeyaona, yote sawa. La huyu ni kubwa zaidi kwa sababu kamera haiangalii, kageuka nyuma anacheka. Na nyuma yake kuna mama anamkimbiza bata, kiatu mkononi, mguu mtupu kwenye matope, anacheka kuliko mwanawe. Nikasema, nyumba ile ningeiweza."

Akageuka, akamwona aliyesimama mlangoni.

"Ni wewe! Yule bata ulimkamata?"

Bata aliliwa mkesha wa Mwaka Mpya, na shingo yake Cuilan aliitafuna mwenyewe.

"Bado, mwanangu," akasema. "Anataka mtu mwenye miguu ya ujana."