Siku Bibi Minza Alipokuja Kusomewa

Nilisikia maziwa kabla sijaona kitu. Maziwa yakisukwasukwa ndani ya kibuyu, ule mlio mzito wa taratibu unaoanzia chini na kugonga juu, ambao mtu aliyekulia kijijini kwetu Nkololo hawezi kuufananisha na mlio mwingine. Na mimi sikuwa Nkololo. Nilikuwa Bariadi mjini, ndani ya chumba cha kompyuta, umeme umekatika, mlango umerudishwa, niko peke yangu.

Kama unataka kuacha kusoma, acha hapa. Wengi nimewasimulia na wengi wamenitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Sikulazimishi. Lakini jambo hili lilinipata mimi, nikiwa na akili zangu zote, sijaonja pombe. Na hebu fikiri: kama ningekuwa natunga, si ningetunga kisa ambacho ndani yake naonekana mtu wa maana?

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, si ushirika peke yake. Redio zilikuwa nyingi mpaka watu wakagombana nyumbani wafungue ipi. Simu za mkononi zilifika Dutwa na Sapiwi kabla ya maji ya bomba. Pale Bariadi, mnunuzi mmoja wa pamba alifungua chumba cha intaneti, akaniweka mimi nikisimamie kwa sababu nilijua kuchapa haraka.

Nami nilikuwa na blogu. Niliandika juu ya simu zinazotoka, kompyuta zinazoganda katikati ya kazi, muziki mpya, filamu za nje ambazo mtu mmoja wa Dar anazitafsiri na kuigiza sauti za wote, mpaka ya mtoto mchanga. Nilijiita mwandishi. Nilikuwa na riwaya isiyokwisha, na kiu ya kusomwa iliyokuwa ikiniwasha kama upupu. Wasomaji walikuwa wachache. Halafu nikaandika habari ya bibi Minza.

Bibi Minza alikuwa mdogo wake babu yangu. Ndiye aliyemlea baba, na sisi wote tulikunywa maziwa ya mkononi mwake. Babu alikuwa amepelekwa Mwanza kutibiwa macho, na bibi alikuwa hajasikia sauti ya kaka yake kwa muda mrefu. Siku moja nikaenda Nkololo na simu yangu, nikampigia babu, nikaiweka simu sikioni mwa bibi. Alikuwa anasuka maziwa. Aliposikia sauti ile, alilaza kibuyu chini, akapiga magoti palepale vumbini, akainamisha kichwa, akasalimia: "Mwadila."

Kwetu ndivyo mwanamke anavyomsalimia kaka yake mkubwa. Nililijua hilo tangu natambaa. Aliyepigiwa magoti alikuwa babu, si simu.

Lakini niliporudi mjini niliandika kwamba huko kwetu kuna bibi mmoja mshamba anayeipigia simu magoti. Nikaongeza chumvi: kwamba aliisukasuka kama kibuyu ili sauti itoke, kwamba aliuliza kaka yake aliingiaje humo ndani akiwa mnene vile. Hakufanya hivyo hata kidogo. Na jina lake sikulitaja. Niliona halitawaambia wasomaji chochote.

Maoni yakamiminika. Dar, Arusha, mpaka Watanzania walioko Ulaya. Mmoja aliandika: "Mpelekeeni kompyuta, ataichinjia mbuzi!" Masanja, rafiki yangu aliyekuwa akitengeneza simu kwenye baraza ya chumba chetu, alikuwa akiyasoma kwa sauti kwa kila mteja. "Umetoka, mwana!" aliniambia. "Sasa tuletee babu yako na rimoti." Nami nikacheka. Niliona huu ndio mwanzo wangu.

Sasa turudi jioni ile. Jua lilikuwa bado halijazama sawasawa. Umeme ukakatika, betri za akiba zikalia kidogo, zikanyamaza, skrini zote zikawa nyeusi. Wateja wakatoka. Simu yangu nayo ilikuwa imezima kwa kukosa chaji. Nikarudisha mlango, nikaanza kufunika mashine vitambaa vyake. Ndipo nikasikia maziwa.

Nikageuka. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi bibi Minza, kanga zake mbili zilizopauka, kibuyu mapajani, akikisuka kama mtu anayesubiri zamu yake. Na kompyuta iliyokuwa mbele yake ilikuwa inawaka.

Utaniuliza, hukushtuka? Niamini, sikushtuka. Nilidhani betri moja ina chaji iliyobaki. Nilidhani bibi aliingia wakati wateja wanatoka. Macho yakiona mtu unayempenda, akili haiulizi maswali.

"Mwadila, ng'wanone," alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mwanangu.

"Mwadila, bibi. Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

"Kutoka Nkololo?"

"Leo njia ilikuwa nyepesi." Akaacha kusuka. "Mwalimu wa shule yetu alituambia kisimani kwamba umeniandika humu, na watu wa mbali wananisoma. Nikamuuliza, kaniandika nini? Akacheka tu, akaenda zake. Nikasema, hicho ni kicheko cha furaha. Basi nimekuja unisomee."

Nikakunja kitambaa nilichokuwa nacho mkononi.

"Nimechoka, bibi. Nitakuja kukusomea nyumbani."

"Utakuja lini? Watoto wangu niliwazika wote hawajaota meno. Hakuna mjukuu anayeitwa Minza. Mtoto akililia apewe jina la mzee, halilii langu. Wewe umelifikisha mahali ambapo mimi sifiki. Soma, nisikie nilivyo huko."

Nikatazama skrini. Ukurasa ulikuwa umefunguka. Ule ule, wenye kichwa chake cha dhihaka na maoni yote yamejipanga chini. Mtandao ulitoka wapi wakati umeme hakuna? Sikujiuliza. Nilikuwa najiuliza nitamsomea nini mwanamke huyu.

Nikaanza kusoma kitu ambacho hakikuandikwa popote. Kwa Kisukuma, macho yangu kwenye skrini, kidole kikifuata mistari kama mtu mkweli. Nikasoma juu ya mwanamke aliyemlea mtoto wa kaka yake kama wake. Nikasoma juu ya mwaka wa njaa, alivyotembea mpaka Sapiwi na kibuyu begani, watoto wa ukoo wakimfuata, akiwapa funda mojamoja kila walipotaka kukaa chini, na yeye mwenyewe akilamba mdomo wa kibuyu tu. Nikasoma juu ya ng'ombe waliomjua kwa mlio wa hatua zake. Yote yalikuwa kweli. Yote niliyajua maisha yangu yote, na hakuna hata moja nililowahi kuona linafaa kuandikwa.

Bibi alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza, akasema kwa sauti ndogo, "Tena."

Nikaanza tena. Maneno yakanikimbia. Nilikuwa nimeyatunga palepale, sasa yalikuwa yamekwenda. Nikababaika, nikarukaruka.

"Umepaacha pale pa Sapiwi," alinikumbusha kwa upole, kama anavyomkumbusha mtoto. "Pale nilipolamba mdomo wa kibuyu. Hapo usipaache, ni pazuri." Akanirudishia neno kwa neno, mstari mzima. Nikausoma nyuma yake, uso ukiniwaka.

"Na jina langu liko wapi? Nionyeshe."

Je, ungefanya nini wewe? Nilitazama ukurasa ule wote kana kwamba jina lake lingeweza kuota hapo lenyewe. Halikuota. Nikaweka kidole kwenye neno lililokuwa karibu. Neno lenyewe lilikuwa "mshamba".

"Hapa, bibi."

Akalaza kidole chake juu ya neno lile, taratibu, kidole kilichopasuka kwa jembe. "Minza," akasema. Akatabasamu. "Nilidhani ni fupi zaidi."

Kisha akauliza, "Hao wanaosoma, wananisikia?"

Kabla sijajibu, alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya skrini, mbele ya yale maoni yote, ya mbuzi na ya kucheka. "Ni watu wengi, tena wa mbali," alinieleza. Akainamisha kichwa, akawaamkia wasomaji wangu. "Mwadila."

Akasubiri. Alisubiri hivyo, kichwa chini, kama mtu mwenye adabu anavyosubiri kujibiwa. Na kwa kuwa hakuna mwingine wa kujibu, nilijibu mimi.

"Mwadila, Minza."

Jinsi alivyoondoka nitasema, lakini niruhusu kwanza nimalize mengine, maana hapo ulimi wangu unakuwa mzito.

Alipokuwa ameshaondoka umeme ulirudi, na Masanja akaingia kutoka barazani akiwa anacheka.

"Mwandishi! Sasa unaongea na nani? Nimekusikia humu unasoma kwa Kisukuma kama mchungaji, halafu umefungua mlango, umeongea na hewa, umefunga."

"Hukumwona bibi yangu anatoka?"

"Bibi yupi? Mimi niko mlangoni tangu umeme ulipokatika. Labda awe mjusi."

"Alikuwa hapa, kwenye kompyuta ya pembeni. Hii iliyokuwa inawaka."

Masanja akaacha kucheka. Akaisogeza mashine ile, akanionyesha mgongo wake. Ulikuwa wazi, tumbo lake limetolewa. "Mchana ulipokwenda kula, tajiri alinituma nitoe kifaa cha umeme humu nikakitengeneze," alisema. "Kiko barazani kwenye boksi langu. Hii ingewakaje, ndugu yangu?"

Nikachomeka simu yangu kwenye chaji. Ilipowaka tu ikaita. Alikuwa baba.

"Tangu mchana nakutafuta hupatikani. Bibi yako ametutoka. Alikuwa anasuka maziwa, akaegemea ukuta, basi."

Nikakaa kwenye kiti kile cha pembeni.

"Na juma zima amewasumbua watu wamlete huko Bariadi kwako," baba aliendelea. "Kila mwenye baiskeli kaombwa. Alikuwa na shida gani na wewe?"

"Sijui, baba," nilisema. Ndiyo, hata hapo nilisema sijui.

Tulimzika. Nilirudi mjini nikaifuta habari ile, kisha nikaifuta blogu nzima. Haikusaidia kitu. Watu walikuwa wameshaichukua, wakaibandika kwenye kurasa zao, wakaitumiana kwa barua pepe. Baadaye ikaingia kwenye simu. Mpaka leo, kila baada ya muda, mtu asiyenijua hunitumia kichekesho cha bibi anayepigia simu magoti, na chini yake nyuso za kucheka mpaka machozi. Siwezi kuwaambia ni mimi niliyeandika. Siwezi kuwaambia anaitwa nani.

Na yale niliyomsomea? Nimejaribu kuyaandika mara nyingi. Nakaa, nafumba macho, natafuta mstari ule wa Sapiwi. Naupata ukiwa mkavu, kama kitu cha mtu mwingine. Vitabu nimeandika, na wapo wanaovisifu. Lakini kazi yangu nzuri kuliko zote ilisikika jioni moja na mtu mmoja, na aliyekuwa ameikariri tumemfukia Nkololo.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mwenye simu mkononi na hamu ya kuchekesha watu: ukitaka kumwandika mtu, mwandike maneno ambayo unaweza kumsomea mwenyewe, ameketi mbele yako. Usijiambie hajui kusoma. Usijiambie yuko mbali. Atakuja, nawe utatakiwa uonyeshe kwa kidole.

Sasa alivyoondoka.

Aliinuka pale sakafuni bila kushika kitu. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akautemea mate kidogo, baraka ya wazee wetu, akasema niendelee kuandika hivyohivyo. Akabeba kibuyu chake. Nikamfungulia mlango, akatoka, akasimama nje hatua chache tu, amenipa mgongo. Hakuenda.

Kwetu mgeni haendi peke yake. Unambebea mzigo, unamsindikiza mpaka njia panda, na mara nyingi ni njiani ndipo yanaposemwa yale yaliyoshindikana ndani. Nilijua anachosubiri. Barabarani vijana wa mjini walikuwa wakipita, wale wale waliosoma na kucheka, na nikajiona nikitembea kati yao na kibuyu cha maziwa begani, sambamba na bibi mwenye kanga zilizopauka. Akageuza shingo kidogo, kama anayesikiliza iwapo navaa viatu nimsindikize.

"Safari njema, bibi," nilisema, na nikafunga mlango.