Kamera Iliona Sweta

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mavuno, mwanangu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nilipomfukuza Mama Nekesa mbele ya watu. Moyo unaniuma hadi leo.

Nilikuwa sijaota mvi, nina stoo ya mahindi Kitale na kiburi cha kutosha. Sisi wenye stoo za barabara ile tulikuwa tumechanga tukafunga kamera, maana magunia yalikuwa yakipotea mchana kweupe. Mama Nekesa alitoka mtaa wa Kipsongo kila siku kuja kufagia mahindi yaliyomwagika mlangoni kwangu. Hayo ndiyo yaliyolisha wanawe. Gunia lilipopotea, nikatazama picha: mtu wa sweta ya kijani na kitambaa kichwani, ameipa kamera mgongo, anaondoka nalo. Sweta ile ilikuwa yake. Sikuuliza. Nikamwambia asikanyage hapo tena, na stoo nyingine zote zikamfungia mlango.

Mzee Wafula, mpima mizani wangu kutoka Sirisia, umri wa baba yangu, alikunja uso.

"Ati kamera imemwona? Imeona sweta, bana. Muite aangalie mwenyewe."

Nilimwita shingo upande. Alitazama mara moja tu, akapangusa macho.

"Huyo si mimi, na si mama yeyote. Sisi tunabeba kwa kichwa. Si unaona huyo amebeba kwa bega?"

Mwanangu, picha hiyo nilikuwa nimeitazama mara kumi, na bega sikuliona! Nikawaonyesha wapakiaji wangu, maana wao ndio hubeba kwa bega. Mmoja akakiri kuwa ni yeye: sweta na kitambaa alivichukua mlangoni, Mama Nekesa alipovivua jua lilipowaka.

Nilimwomba msamaha mbele ya watu wale wale. Akarudi na ufagio wake. Tangu hapo, kitu kikipotea tulitazama picha pamoja, wenye stoo, wapakiaji na akina mama, na wizi ukapungua kweli.

Sasa nyinyi wa Bungoma mnaniuliza kama mfunge kamera sokoni. Fungeni, zinasaidia. Ila picha itazameni na watu wanaoujua mtaa, na unayemshuku umsikilize kabla hujamtaja. Mungu akupe jicho la Mama Nekesa, mwanangu, na ukikosea, akupe ujasiri wa kuomba radhi hadharani.