Maneno ya Mwisho ya Chiriku

Kabla hajawa mtu wa kupanda jukwaani na kuwaambia wenzake waamke, alikuwa muuza picha. Si zile picha za maua za kutundika juu ya kochi. Yeye aliuza picha za burudani: mabango ya sinema yaliyochorwa kwa brashi, sura za waimbaji, michoro ya mapazia ya maigizo, vinyago vya wachekeshaji waliokwisha kusahaulika. Duka lake lilikuwa chumba kirefu kilichonuka gundi na tapentaini, na mtaa mzima ulimwita Bwana Fremu.

Siku hizo bango lilikuwa kazi ya mtu. Mchoraji alipanda ngazi, akachora pua ya mwigizaji kubwa kuliko mlango, akashuka, akavuka barabara kuitazama, kisha akarudi kuipunguza. Leo mashine inatapika plastiki, pua ikikosewa inakosewa mara mia, na hakuna anayevuka barabara.

Biashara ile ilisimama juu ya maneno. Picha isiyo na hadithi haikuuzika. Mteja akiuliza, Bwana Fremu aliishusha ukutani taratibu, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Hii, mzee wangu, ndiyo iliyokuwa mlangoni siku ile kiatu kilipomkatikia mwimbaji jukwaani, akaimba peku mpaka mwisho." Mwanzoni hadithi hizo alizifuata kwa wachoraji wenyewe, na zilikuwa za kweli. Baadaye wachoraji wakaanza kufa, picha zikaja bila maneno. Akazitungia. Hakuona ubaya wowote. Aliona haya tu kumkabidhi mtu picha bubu.

Binti wa pekee wa Bwana Fremu na mkewe alishinda nao pale dukani. Alikuwa na maneno, mtoto yule! Alianza alipofumbua macho, mpaka usingizi umkatie sentensi katikati. Ndiyo maana wakamwita Chiriku, na wazazi wake nao wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku.

"Baba, huyu mwimbaji jana si ulisema aliimba peku? Mbona leo amevaa ndara?" angeuliza mbele ya mteja. Mteja angecheka, na baba angejifanya amepaliwa.

Chiriku alipougua, maneno yalipungua kidogo kidogo, kama bomba la mtaa uliokatiwa maji. Siku ya mwisho, hospitalini, mama alitoka wodini kwenda kuosha kikombe. Aliporudi, mtoto alikuwa ametulia.

"Kasema nini?" mama akauliza. Kwa mtoto kama yule, lilikuwa swali la haki.

Alikuwa amesema kitu. Kitu kidogo mno, cha kitandani, kisicho na kichwa wala miguu. Baba akamtazama mkewe, akakitazama kile kikombe kinachodondosha maji, akaona hawezi kumkabidhi kitu kidogo namna ile.

"Kasema tusilie," akajibu. "Kasema mama asilie."

Mama aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili, akaishi nayo.

Sinema ya mtaani ikafungwa, jengo likawa bohari ya magodoro. Duka nalo likafa. Siku moja, kwenye matanga ya jirani, Bwana Fremu, sasa mzee, akaombwa aseme neno la faraja, akasimulia habari ya Chiriku. Watu wakalia. Mmoja akamwambia, "Mzee, haya ni ya kitabuni." Akaandika kitabu, kikanunuliwa; akaandika cha pili. Akaanza kualikwa kumbini kuwatia watu moyo. Wakamwita Kocha, mtu ambaye hajapata kupiga mpira maishani mwake. Zamani watu walilipa kiingilio, wakaingia gizani, wakalia mpaka wakatosheka. Sasa wanalipa kiingilio ili wakatazwe kulia.

Mkewe alikaa mlangoni na meza ya vitabu. Alisikia maneno ya mwanawe yakinenepa mwaka hadi mwaka, akaendelea kuhesabu chenji. Mpaka mchana mmoja, katika ukumbi uliojaa mpaka kwenye ngazi, Kocha aliposhusha sauti na kusema:

"Akanishika mkono, akaniambia: Baba, ndoto haizikwi. Uza duka. Nenda ukawaamshe watu!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Walipokuwa wakitoka, mwanamke mmoja kijana alisimama mbele ya ile meza, kitabu amekikumbatia.

"Mama, wangu aliomba soksi tu. Alisema miguu inasikia baridi, basi. Wenu akasema makubwa vile. Kwani mimi nilimlea vibaya?"

Mama Chiriku alimvuta kifuani. Alipomwachia, aliiacha meza ilivyo, akamfuata mumewe kwenye chumba cha nyuma alikokuwa akijifuta jasho.

"Baba Chiriku, mtoto hakuweza kumaliza neno moja bila kupumzika. Pumzi ya hotuba ile kaitoa wapi?"

"Ni ukumbi, mke wangu. Ukumbi unataka kujazwa."

"Mimi si ukumbi. Alisema nini?"

"Alisema tusili..."

"Aa-aa! Usinishushie picha ukutani. Nimekaa na wewe dukani miaka yote ile, nakujua."

Mzee akaketi. Kitambaa cha jasho kikabaki mkononi.

"Kilikuwa kitu kidogo tu, mama."

"Nipe hicho kidogo. Yule dada ana soksi zake. Mimi nina nini?"

Akafumba macho atafute. Akaliona shuka. Akamwona mkewe akitoka na kikombe. Akaiona midomo ya mtoto ikifunguka, mikavu, na hapo ikatoka sauti nene yenye mwangwi: sauti yake mwenyewe, ya kwenye kipaza sauti. Akarudi mwanzo. Shuka, kikombe, midomo, na sauti ni ile ile. Alikuwa amepaka rangi juu ya rangi, mahali pale pale, na ya chini ilikuwa imekwisha kuliwa.

"Sikumbuki," akasema.

Alingoja apigiwe kelele. Mkewe alivuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

"Basi nyamaza," alisema. "Usimsimulie mtu tena. Pengine ukinyamaza neno lake litarudi."

Akanyamaza. Waliopiga simu waliambiwa Kocha anaumwa koo, na baada ya muda wakampata kocha mwingine. Kila baada ya chakula cha mchana wawili hao hukaa sebuleni, yeye mikono mapajani, mkewe na kazi yake ya kushona, redio imezimwa ili isije ikamvuruga.

Juzi midomo ya mzee ilifunguka. Mkewe akaacha sindano, akainua uso, na uso ule ukarudi kuwa wa ujana wake.

Mzee alikuwa anapiga miayo tu. Akaufunga mdomo kwa haya, na mkewe akainama tena kwenye kitambaa, akitafuta alipoishia.