Siku Binti Yangu Aliponigeuza Mama

Binti yetu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo hata kofia ya sufu aliyofumiwa na bibi yake ilimshuka mpaka shingoni. Mke wangu alikuwa amepasuliwa, hawezi hata kuketi. Basi muuguzi wa wodi ya hospitali ya Bwera akanigeukia mimi.

"Baba, mtoto anataka joto la ngozi. Kanawe, kisha utoe shati."

Nikababaika. Pembeni ya kitanda, juu ya mkeka, alikaa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Maliba na kikapu cha chakula. Tangu nioe, tulikuwa tukisalimiana kwa mbali, macho chini. Kukaa kifua wazi mbele yake? Afadhali ningekimbia uchi barabarani!

"Sista," nikanong'ona, "mama mkwe yuko hapa."

"Mimi nimeita baba wa mtoto. Shati!"

Ilikuwa amri ya afande kabisa. Mama mkwe akajifunika kitenge kichwani, akageukia ukuta. Nikavua. Muuguzi akamlaza mtoto kifuani pangu, akatufunga pamoja kwa kanga. Puani alikuwa na mpira mwembamba wa kupitishia maziwa, maana kunyonya alikuwa hajajua. Mimi dereva wa lori la vitunguu, nikamkinga kwa viganja viwili kama yai. Lakini alikuwa na joto! Alikuwa anapumua! Nilijihisi kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Mara akaanza kutikisa kichwa huku na huku, mdomo wazi. Nikadhani anaota. Kumbe anatafuta, na akapata.

"Mama yangu we! Ananinyonya!"

Mke wangu akashika tumbo kwa mikono miwili. "Acha, acha kunichekesha, nyuzi zitakatika!"

Mama mkwe akasahau ukuta. Akageuka, akaona, akacheka mpaka kitenge kikaanguka.

"Mukwe, mutoto iko na njaa! Kwa nini unamunyima?"

Muuguzi akaja mbio akidhani kuna hatari. Alipoona, akapiga makofi. "Anatafuta ziwa! Mpeni mama yake, upesi!"

Tukamhamisha. Mama mkwe akashika kichwa cha mtoto, mimi nikashika mto, tukigongana viwiko kama wachuuzi sokoni. Mtoto akashika ziwa, akaachia, akashika tena. Halafu tukasikia kijisauti cha kumeza, na tone la maziwa likamtiririka kidevuni. Wodi nzima ililipuka vigelegele. Mimi nilicheza, bado kifua wazi, mpaka muuguzi akanirushia shati.

Tuliporuhusiwa, nilikwenda na lori polepole hadi nyumbani kwetu Kasese. Mama mkwe, mjukuu mapajani, aliimba njia nzima, akikatiza wimbo kunikemea kila nilipokanyaga shimo.