Siku Mheshimiwa Aliporuka

Wasee, hii stori nimewaficha hata ndugu zangu, kwa sababu mwanamume mzima wa mtaa wa Jericho hapatikani akitambaa kuelekea miguu ya mama mkwe wake, tena katikati ya maombi.

Mimi hufuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni, kwenye tangi la kioo. Ni mmoja tu, wa kutoka kwenye matumbawe kule Pwani, mdogo kama kidole, mbele mweupe nyuma mwekundu kama makaa, na ana haya ajabu, anashinda ndani ya mawe, kwa hivyo mimi na mke wangu Nafula tukamwita Mheshimiwa (kama mbunge, alionekana siku ya kwanza, baada ya hapo kimya).

Sasa Jumapili moja mamake Nafula akatoka Webuye kuja kwetu mara ya kwanza tangu tuoane, na kwa simu alikuwa ameshasema, "Nataka kumwona huyo samaki mnayemlisha na hamumli." Mimi kwa kutaka sifa nikayatoa mawe yote, nikayaweka kwenye karai, ili Mheshimiwa akose pa kujificha, nikapangusa kioo king'ae, na kifuniko cha tangi (akili zangu!) nikakiacha juu ya kabati.

Chakula kikaandaliwa, Mama akafumba macho akaomba, na huyo akiomba anaombea mpaka ng'ombe wa nyumbani, na tukiwa hapo kwa ng'ombe nikasikia maji chwaa! Kufungua jicho moja, tangi tupu. Nikashuka kwa magoti polepole, nikapapasa chini ya kochi, chini ya meza, mkono ukagusa pindo la gauni, na papo hapo nikasikia "Amina."

Kwao Webuye ni mwiko, mkwe hata mkono hampi mama mkwe wake.

"Mutua," akasema taratibu, "unatafuta nini hapo?"

"Mheshimiwa, Mama."

"Mheshimiwa gani, chini ya gauni langu?"

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nafula, aliyekuwa amekimbilia kwenye tangi kule mlangoni, akapiga kelele, "Kiatu cha Mama kinacheza!" Na kweli, kile kiatu cheusi cha kanisani alichokivua alipoingia kilikuwa kinatikisika. Sikufikiri. Nikakitumbukiza chote, na samaki ndani yake, kwenye tangi.

Mheshimiwa akalala ubavu chini kabisa. Nikarudisha mawe, chakula kikapoa, hakuna aliyekula, Mama mwenyewe amebandika uso kwenye kioo akinong'ona, "Pumua, mwanangu, pumua." Kisha mkia ukapiga mara moja, mara mbili, akachomoka akaingia katikati ya mawe. Mama akapiga kigelegele, mimi nikaketi sakafuni nikashusha pumzi (na machozi, tusidanganyane).

Jioni aliondoka na patipati za Nafula miguuni, akicheka mpaka getini. "Mwache ajifiche," akaniambia. "Hata mimi sipendi kutazamwa nikila."

Tangu hapo sijatoa jiwe kwa ajili ya mgeni, na sitatoa tena maishani. Anayetaka kumwona akae, anyamaze, angoje, na akichoka, kuna picha kwa simu yangu.