Mwisho Tuliuza na Chumvi

Juzi hapa Nakuru nimenunua njugu, kukunjua nikapata imefungwa na ukurasa wa kitabu ya Kizungu. Nikazirudisha kwa karatasi. Keti nikuambie.

Mwaka wa elfu mbili na nane ukianza tuliishi mtaa wa Rhonda kwa shosho, nyanya yangu. Nilikuwa class six, mara ya pili, na Kizungu yangu yote ilikuwa ya kuomba ruhusa ya choo. Shosho alikaanga njugu kwa sufuria nyeusi, nyumba yote inanukia, mimi nakunja karatasi: ukurasa mmoja, pakiti mbili. Lakini January hiyo barabara zilifungwa na vita ya kura, magazeti kuukuu yakaisha mtaani.

Auntie, kitinda mimba wa shosho, alikuwa ameacha college na hatoki kitandani. Hakuwa na homa. Alilala tu na kitabu moja ya Kizungu, ya msichana mwerevu ambaye dunia ilimuishia ladha, naye akalala vile vile. Alisoma kidogo kidogo, kama mtu anakunywa dawa chungu. "Nataka tu kuona kama anaamka," aliniambia.

Shosho alikuwa amemmwagia maji baridi mara mbili. Alisema dawa ya uvivu ni jembe. Sasa akaniambia, "Hiyo kitabu inatusaidia na nini? Toa karatasi huko."

Mimi na akili yangu ya class six mara mbili nikangoja auntie ashikwe na usingizi, nikararua kutoka nyuma, kwa vile alikuwa bado katikati. Nilijiona mjanja. Tukauza mwisho wote wa hadithi, na chumvi.

Mwezi wa tatu akafika penye pameraruliwa. Akaketi. Hakuwa ameketi tangu Krismasi.

"Mwisho iko wapi?"

Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, na mimi napenda watu wakicheka. "Alikufa, auntie. Wakamzika na blanketi yake, asisumbuke kuamka."

Walicheka mpaka mama mmoja akamwaga njugu. Shosho pia. Auntie akageukia ukuta.

Mwaka jana nilipata hiyo kitabu kwa wale huuza chini kando ya barabara. Nilisoma na kidole, wiki tatu. Msichana anaamka. Anaomba chai, anavaa viatu, anatoka. Nikaipeleka Longonot kwa mjomba, mahali auntie amekaa miaka hiyo yote, akiambua maharagwe bila kuongea.

"Anaamka, auntie."

Hakuishika. "Wewe ulisema alikufa. Nilikuamini."

Shosho alishakufa. Sufuria ilitoboka, nyumba yetu ikabomolewa. Na kuna mtu hapo Rhonda alikunjua njugu yake, akasoma vile msichana aliamka, akafinya karatasi, akatupa.