Sisimizi Nyuma ya Jikoni

Nilipokuwa mtoto, tukikaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya Kericho, hakuna kitu nilichoogopa kama sisimizi. Wenzangu waliogopa nyoka. Lakini nyoka hujipitia zake tu. Sisimizi, nyanya alisema, hutumwa.

Choo kilikuwa mbali, kwa hivyo alfajiri baba alikojoa nyuma ya jikoni. Mwaka ule sisimizi wakaanza kujaa pale pale, mstari mrefu mweusi. Nyanya, mama yake baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisii. Alipowaona alishika kifua.

"Ardhi ikimtaka mtu, huanza na mkojo wake," akamwambia baba. "Usiwadharau hawa, mwanangu."

Baba akacheka. "Wacha basi, mama. Hata wadudu wananipenda?"

Lakini alikuwa anakonda. Alikunywa maji, kiu haikuisha, na kila mara yuko nyuma ya jikoni. Nyanya akanituma nimwage jivu pale kila asubuhi. Kesho yake sisimizi wanapita juu ya jivu langu kana kwamba si kitu. Mama naye, woi, alimwongezea sukari kwenye chai apate nguvu ya kuchuma. Kikombe kilikuwa kitamu hadi midomo inanata. Tulimpenda hivyo.

Alianguka katikati ya michai, kikapu mgongoni. Daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, hata mkojo wake ulikuwa na sukari, na kwamba tumechelewa. Tulimzika Kisii. Kaburini mimi niliangalia chini tu, nikitafuta sisimizi.

Kwa miaka mingi nilimchukia nyanya, kana kwamba yeye ndiye aliyewaita. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yeye aliyaona kabla yetu sote. Mvua yenyewe ndiyo hakuijua.

Sasa sukari ninayo mimi. Kila asubuhi najidunga kidole kabla ya kuweka kitu mdomoni, halafu nakunywa chai bila sukari, na majirani wananicheka: mtu wa Kericho anakunywa chai kama dawa! Nimezoea.

Lakini juzi, nyuma ya bafu, mahali mwanangu hukojoa akiona uvivu wa kwenda chooni, niliona mstari mweusi. Niliogopa vile vile kama zamani. Nikakumbuka pia mtungi wa maji, jinsi siku hizi unavyoisha haraka.

Nyanya angenituma nimwage jivu. Niliingia ndani, nikachukua mashine yangu ya kupima sukari, nikamwita mwanangu.

"Baraka, kuja hapa. Lete kidole."